Utani Niliouandika kwenye Daftari la Farasi

Moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengi waliokulia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Ngombezi watakuambia wanakumbuka makapi ya mkonge yaliyokuwa yakioza nyuma ya kiwanda, ile harufu chachu inayong'ang'ania kooni, na maji ya kijani yaliyotoka kwenye mashine ya kuchuna majani. Hata mimi naikumbuka. Lakini sisi tuliishi mbali kidogo na kambi za manamba, wale vibarua wa mkataba, karibu na banda la farasi, na pale moshi haukukatika mchana kutwa. Farasi hana ubavu mbele ya mbung'o. Mbung'o mmoja tu, aliyekuja na lori kutoka upande wa Handeni akiwa amejibanza kwenye turubai, aliweza kumwangusha mnyama ambaye bwana meneja alimngojea miezi mingi. Kwa hiyo madirisha ya banda yalizibwa kwa wavu, mlangoni kikachomwa kinyesi, na baba akarudi nyumbani kila jioni macho mekundu, shati likinuka moshi na jasho la farasi. Mama alilalamika kwamba hata ugali wake ulikuwa unanuka farasi. Mpaka leo nikipita mahali wanapofukiza kinyesi cha ng'ombe naongeza mwendo, na wanaotembea nami hudhani nakimbia moshi.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza, baada ya vita vya Hitla, bei ya katani ilipokuwa juu na Wazungu wa mashamba wakawa na nafasi ya kustarehe. Shamba letu sitalitaja jina. Meneja wake tulimwita Bwana Miwani, kwa kuwa alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine ameipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa na farasi wanne. Majina yao ya Kizungu yalitushinda ulimi, tukawapa ya kwetu: Kijivu, Bibi Arusi, Soksi mwenye miguu myeupe, na Mkorofi, ambaye jina lake lilijieleza lenyewe. Kijivu na Bibi Arusi walikuwa mikononi mwa baba yangu, Mzee Mgaza, Mzigua wa Handeni aliyejifunza kazi ya farasi kwa mkulima mmoja kule Arusha. Soksi na Mkorofi walikuwa wa Mzee Luhende, Mnyamwezi, aliyeletwa kama manamba wa kukata mkonge, kisha ikaonekana wanyama wanamsikiliza. Mkorofi alikuwa amempiga teke kwenye goti la kushoto na goti lile halikukunjika tena. Alitembea akiuburuta mguu, na kila mtu shambani alijua kwamba kukata mkonge kwake basi, maana mkataji huinama kutwa nzima na kubeba mafungu mgongoni. Kazi ya banda ndiyo iliyompa posho, na chumba chake pale kambini kilikwenda pamoja na kazi hiyo. Kwao Unyamwezi hakuwa amefika kwa miaka mingi na hakuwa na mtu wa kumwandikia barua.

Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Siku hizi inabidi nieleze, zamani hakuna aliyeuliza. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu nawe usikasirike, anachukua kitu chako nyumbani na huwezi kumdai, na siku ukifa ndiye anayekuja kuchekesha waliofiwa, akakuigiza mwendo wako na kulala kaburini mpaka apewe chochote. Baba na Mzee Luhende walianza kutaniana kabla jua halijachomoza. Tulikuwa tukiwasikia kupitia ukuta wa banda. “Mgaza, Kijivu wako amekonda, au ndiyo ile njaa ya kwenu Handeni umekuja nayo?” Na baba akajibu, “Afadhali yeye ana mbavu, wewe wako tumbo limemjaa kama Mnyamwezi aliyekuta pombe ya msiba.” Mgeni angedhani wanataka kuchomana visu. Siku moja Mzee Luhende aliingia uani kwetu, akatwaa sufuria mpya ya mama, akajivika kichwani kama kofia ya askari na kuondoka nayo akichechemea. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sufuria ilirudi siku ya tatu, ndani yake kuna asali. Mimi aliniita Karani, kwa sababu nilikuwa msichana pekee wa eneo letu aliyekwenda shule, na nilipomwamkia shikamoo alijibu, “Marahaba Karani, leo umeniandika wapi?” Nilimpenda mzee yule. Naliweka hili mapema ili msomaji asije akadhani nilimchukia.

Mbio zilikuwa Jumapili za kiangazi, kwenye uwanja uliofyekwa kati ya mkonge na reli ya Tanga. Wazungu wa mashamba ya jirani walileta farasi wao, wengine wakiwaongoza kwa miguu, wengine kwa lori, na vijana wao wasaidizi ndio waliopanda. Mabwana na mabibi walikaa chini ya turubai. Sisi tulisimama ng'ambo ya kamba, manamba, wake zao, wauza miwa na kashata, tukibishana ni nani atakayetangulia, na watu wakawekeana sigara na vipande vya miwa. Karibu wote walichagua kwa macho. Walimtaka farasi anayeng'aa, au mrefu, au anayepiga ardhi kwa kwato. Mabwana nao hawakuwa tofauti sana, ila wao walikuwa na vitabu vya ukoo wa farasi, baba yake nani na bibi yake nani. Jina la mtu aliyeamka na farasi yule alfajiri halikuandikwa popote. Nilimwuliza baba kwa nini Kijivu, aliyewaacha wenzake mbali wiki iliyopita, leo ameshika mkia. Baba alikuwa akimfuta jasho, hakugeuka. “Watu wanamtazama farasi,” alisema. “Farasi atakuambia nini? Uliza nani amemwandaa, amempumzisha siku ngapi, na leo wanakimbia mbali au karibu.”

Nilikuwa darasa la nne, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ndiyo kwanza ametufundisha kuchora majedwali. Nilikwenda nyumbani, nikageuza daftari la zamani, nikapiga mistari kwa rula ya mti. Safu ya kwanza farasi, ya pili mfunzi, ya tatu siku alizopumzika, ya nne mbio fupi au ndefu, ya tano nafasi aliyoipata. Ukurasa ukabakiwa na uwazi upande wa kulia, na kwa kuwa sikupenda nafasi iende bure, nikaandika juu yake: Maelezo. Kila Jumapili nilikaa karibu na kamba nikaandika. Siku za katikati nilizunguka nikiwauliza wafunzi wa mashamba mengine walipopita kwenda mtoni kuwaogesha wanyama wao. Wengi walinicheka, lakini wakanijibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza habari za kazi yao. Mzee Luhende ndiye aliyenisaidia kuliko wote. Hakunidanganya hata siku moja juu ya siku za mapumziko. Aliweza kunitania robo saa nzima, kisha akashusha sauti na kusema, “Andika tisa, Karani. Siku tisa kamili,” na ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya Jumapili chache mambo yakaanza kujitokeza kwenye karatasi, na sijapata tena maishani furaha ya aina ile. Farasi wa baba walikuwa wakali wakitoka mapumzikoni. Siku ya kwanza walishinda au walikaribia kushinda, halafu kila walivyorudi uwanjani walizidi kufifia. Wa Mzee Luhende walikuwa kinyume. Siku ya kwanza walikimbia ovyo, watu wakawazomea, lakini ukiwaona wanarudi mara ya pili na ya tatu bila kupumzika sana, hasa mbio zikiwa ndefu, ungefanya vizuri kuweka sigara zako kwao. Kulikuwa na mfunzi wa shamba moja la ng'ambo ya mto ambaye farasi wake walishinda mbio fupi tu. Na farasi yeyote aliyeletwa kwa lori siku ileile hakushinda, hata awe wa nani. Nikaanza kuwanong'oneza watu. Wanawake wa kambini walianza kunisogelea kabla ya kila mbio, na wale waliowatazama kwato na manyoya wakabaki mikono mitupu.

Habari zilimfikia karani wa ofisi, kijana mpole aliyetoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa, aliyezungumza Kiswahili cha kujifunza darasani. Aliniuliza, nikamwambia Soksi atashinda mbio za mwisho, kwa kuwa ni mara yake ya pili tangu apumzike na njia ni ndefu. Akampelekea Bwana Miwani maneno hayo kama kichekesho. Bwana Miwani akaweka dau lake kwa Soksi, na Soksi akawaacha wenzake wanakula vumbi. Jumatatu niliitwa ofisini. Alilifungua daftari langu, akashusha miwani ya pajini, akapitisha kidole safu kwa safu, na akanipa penseli yenye kifutio, kitu ambacho hata mwalimu wetu hakuwa nacho. Kupitia kwa karani akaniambia nizidi kuandika mpaka mbio zikome. Kisha akaongeza jambo ambalo baba na Mzee Luhende walikuwa wameshaambiwa asubuhi ileile na hawakutaka nilijue. Mwakani farasi watakuwa wawili tu, na mfunzi mmoja. Alikuwa hajui ambakize nani kazini. Sasa ataamua kwa daftari langu, kwa haki, bila upendeleo.

Nadhani kweli aliamini ile ni haki. Mimi nilitoka pale kichwa kimevimba, nikaona baba yangu ameshapona. Kama baba angekosa kazi ile tungerudi Handeni, na Handeni mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, mama mdogo alikuwa akituletea habari za watu kuchimba mizizi porini. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa mbele yangu, na kule hapakuwa na shule ambayo msichana angeifikia kwa miguu. Habari za Mzee Luhende sikuzifikiria, au nilizifikiria kidogo na kuzisukuma. Kwa wiki mbili niliandika kwa bidii. Halafu alasiri moja, nikiwa nimekaa juu ya gunia la pumba bandani, nikajumlisha. Baba alikuwa ameshinda mara nne. Mzee Luhende alikuwa ameshinda mara saba, mara mbili kati ya hizo kwa Mkorofi, mnyama ambaye kila mtu alisema hafunziki. Nikajumlisha upya nikianzia chini. Nikageuza karatasi kuona kama nimeruka ukurasa. Nilijua kusoma jedwali lile kuliko mtu yeyote shambani, na lilisema waziwazi kwamba baba yangu alikuwa mfunzi mzuri na mwenzake alikuwa bora.

Safu ya Maelezo ilikuwa karibu tupu. Nilikuwa nimeandika humo vitu vya kitoto, mvua, jua kali, farasi amekanyaga mwiba. Sasa nikaanza kukumbuka. Jumapili ambayo Soksi alishika nafasi ya mwisho, baba alimkejeli mtani wake mbele ya banda kwamba amemnyima farasi chakula, na Mzee Luhende akajibu kwa sauti ili wote wasikie, “Sasa wewe Mzigua ulitaka nifanye nini? Pumba zake nimepikia uji nikanywa mwenyewe. Yeye hata akila hakimbii.” Watu walicheka. Siku nyingine alisema mazoezi ya Mkorofi amemwachia Mkorofi mwenyewe, yeye alikuwa amelala. Nikachukua ile penseli yenye kifutio, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa mtihani, pale kwenye siku farasi wa Mzee Luhende waliposhindwa: Mzee Luhende amesema pumba za Soksi amepikia uji akanywa yeye. Na chini yake: Mzee Luhende amesema hakumpeleka farasi mazoezini, alilala. Hakuna neno la uongo. Alisema hivyo, na mashahidi walikuwepo. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa mtoto na sikujua. Nilijua. Nilizaliwa ndani ya utani, nilijua ni utani kama ninavyojua jina langu, na nilijua pia kwamba atakayesoma hajui.

Mbio zilipokoma nikalipeleka daftari ofisini. Tuliitwa watatu, baba, Mzee Luhende na mimi, tukasimama kwenye baraza ya ofisi baada ya chakula cha mchana. Daftari lilikuwa mezani limefunguliwa. Karani alisoma mistari yangu kwa Kiswahili, kisha akaisema kwa Kiingereza, polepole na kwa uaminifu mkubwa. Bwana Miwani akamwuliza Mzee Luhende kama alisema maneno yale. Mzee Luhende alianza kucheka. “Nilisema, bwana. Nilikuwa namjibu huyu mtani wangu.” Bwana Miwani akamgeukia baba. Baba alikuwa amevua kofia na anaizungusha mikononi. “Alisema, bwana,” akajibu, “lakini huyu ni mtani wangu. Ni utani tu.” Karani alitafuta neno la Kiingereza la utani, nikamwona anavyolitafuta, macho yake yakipanda darini. Bwana Miwani akauliza tena. Mwishowe karani akatoa neno ambalo hata mimi nilikuwa nimefundishwa, neno la mchezo, mchezo wa watoto, mchezo wa mpira. Uso wa Bwana Miwani ukabadilika. “Anasema,” karani akatufasiria kwa unyonge, “kumbe wazee wazima mnachezea chakula cha farasi wake.”

Baba alijaribu. Alieleza habari za Wazigua na Wanyamwezi, za babu zao waliotaniana kwenye misafara ya zamani, za misiba, na kila alichosema kilifika upande wa pili kikiwa kimepinda, mpaka akaacha. Hapo Mzee Luhende akanigeukia. Hakuwa anacheka tena, lakini uso wake ulikuwa bado mwema. Alikuwa na imani nami, nadhani, kwa kuwa yeye ndiye aliyenipa zile siku tisa na nyingine zote bila kunidanganya. “Karani,” akasema, “wewe umesoma. Hebu waeleze.” Ningeweza. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini kusema tu kwamba mzee alitania, kwamba nimekosea kuandika, karani angeyafikisha. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nakumbuka kidole kimoja kilikuwa na jeraha lililoanza kupona. Saa ya ukutani ikagonga, na Bwana Miwani akalifunga daftari. Aliamuru Mzee Luhende atoke kambini kesho yake.

Asubuhi mama alifanya jambo ambalo kila nikilikumbuka moyo unaniuma. Alichukua ile sufuria, akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaiweka nje kizingitini, ili mtani akija kuaga aichukue, acheke, aende nayo moja kwa moja. Baba naye alikuwa amejiandaa. Nilimsikia akijaribu maneno chini kwa chini, matusi ya mwaka mzima kuhusu goti na Unyamwezi. Mzee Luhende alikuja akiburuta mguu, mkeka kwapani na kisanduku begani. Aliipita sufuria kwa uangalifu, kama mtu anavyopita kitu cha wenyewe. Akampa baba mkono. “Bwana Mgaza,” akasema, “nashukuru kwa ujirani mwema. Tumekaa vizuri.” Baba aliupokea, matusi aliyoyaandaa hakuyatoa. Kumwita mtani wako bwana, kumshukuru kwa ujirani, ni kumwambia kwamba utani umekwisha na ninyi sasa ni watu wawili tu. “Kwaheri, mama,” akamwambia mama. Mimi akaniangalia kidogo. “Soma vizuri, binti,” akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuniita binti. Baba alibaki mlangoni mpaka jua likampata usoni.

Tulisikia kwamba amefika Mkata, analinda shamba la mihogo la mtu dhidi ya nguruwe, analala kwenye kibanda humohumo. Baba alianza kumtumia utani kwa basi. Alikwenda barabarani Korogwe, akamtafuta utingo wa basi la Handeni, akamfundisha tusi refu la kumfikishia Mnyamwezi mlemavu wa Mkata, na utingo akaondoka akicheka. Safari ya kwanza hakukuwa na jibu. Ya pili utingo alirudi na kusema, “Mzee amesikia. Anashukuru, anawasalimu.” Baba alituma tena na tena kwa karibu mwaka mzima, na jibu likawa lilelile, la adabu, na mwishowe utingo akaona haya kulileta. Siku moja akiwa anakoroga chakula cha Kijivu baba aliniuliza, bila kunitazama, “Ulipoandika yale, ulijua ni utani?” Nikasema, “Sikujua, baba.” Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukoroga. Alikufa akiamini jibu lile, au akijifanya kuliamini kwa ajili yangu.

Mzee Luhende alifariki huko Mkata na habari zikatufikia amekwisha kuzikwa. Baba alikwenda hata hivyo, maana mtani hakosi msibani. Aliporudi mama alimwuliza kama alifanya kazi yake. Baba alisema alisimama pale kwenye udongo, watu wachache wa jirani wakimtazama wakitegemea awachekeshe, na akashindwa kukumbuka hata tusi moja. Farasi nao hawakukaa. Waliobaki wawili walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o msimu uliofuata, Bwana Miwani akahamishwa, na baba akarudi Handeni kulima. Lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeshafanya mtihani. Nilifaulu, nikapelekwa shule ya wasichana, nikawa mwalimu, nikafundisha hesabu na majedwali kwa watoto wa Korogwe mpaka nilipostaafu. Watu hunisifu, hunipa kiti cha mbele kwenye mikutano. Kila kitu nilicho nacho kinaanzia kwenye mistari miwili ya penseli. Sijui nifanye nini na jambo hili, nimelibeba tu.

Baba tulimzika Handeni, na palikuwa na watu wengi. Bibi mmoja mzee wa ukoo wetu alitazama huku na huku pale kaburini akauliza, “Mtani wake yuko wapi?” Hakuna aliyeruka kaburini, hakuna aliyemwigiza baba alivyokuwa akizungusha kofia, hakuna aliyedai kitu. Tulimfukia kimya, tukatawanyika. Siku hizi misiba yote iko hivyo. Kuna ratiba iliyochapwa, kuna kipaza sauti, kuna mshereheshaji anayetaja muda, na vijana wanadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kambi ile imebaki kuta mbili tatu ndani ya mkonge uliogeuka pori, na uwanja wa mbio wanalima mahindi.

Mjukuu wangu ninayeishi naye hapa Korogwe anabeti mpira kwenye simu. Mikeka yake ya kubeti haimpi kitu, lakini namna anavyofikiri inanishangaza. Majuzi alinieleza kwamba haangalii wachezaji, anaangalia kocha, kocha huyu akipumzisha timu wiki nzima hapotezi, yule akisafiri mbali anafungwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia yuko sahihi, na kwamba mimi nilikuwa najua hayo kabla mama yake hajazaliwa. Alicheka, hakuniamini. Siku hiyo kulikuwa na mechi ya zile timu mbili kubwa za Dar es Salaam, na mtangazaji alikuwa akirudia kila dakika kwamba watani wa jadi wanakutana. Neno lenyewe limebaki hapo tu, kwenye mpira. Mjukuu alikuwa akimtumia rafiki yake ujumbe wa kumkejeli, akisubiri ajibiwe, na alipojibiwa akaangua kicheko. Kisha akanigeukia akiwa bado anacheka.

“Na wewe bibi, mtani wako nani?”

“Nilikuwa naye mmoja,” nikamwambia. “Nilimwandika.”

Hakuelewa. Simu ikalia na akarudi kwenye mpira wake.